Mtazamaji Mmoja

Simu ya nyumbani kwangu Ibra ilikuwa ikilia mara moja kwa wiki. Ililia Jumamosi, kabla ya Alasiri, na aliyepiga alikuwa mwanangu Azza kutoka Maskati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gazeti limefika?"

"Limefika. Ukurasa wa kumi na mbili, chini, pembeni ya tangazo la matairi."

Halafu hunisomea. Mistari minne, mara nyingine mitano. Mistari yenyewe nilikuwa nimeiandika mimi na naijua herufi kwa herufi, lakini nilinyamaza nikasikiliza kama ndiyo kwanza naisikia. Ikitoka mdomoni mwake ilikuwa habari ya mtu mwingine, mtu mwenye shughuli zake na watu wake. Akimaliza husema, "Haya, baba, waandika vizuri," nami humuuliza hali ya mjukuu wangu Yaqeen, na hali ya mumewe, na simu inakatika. Dakika tano, au sita. Nilijiambia kwamba zinanitosha mpaka Jumamosi nyingine.

Mazungumzo mengine mimi na Azza hatukuwa nayo. Yalikatika siku aliyofariki mama yake.

Siku hiyo, miaka miwili nyuma, nilikuwa kwenye mkahawa natazama mpira kwenye televisheni. Ghaniya, mke wangu, alikuwa nyumbani na homa iliyomkaa wiki nzima. Ikaadhiniwa Magharibi. Nikasema, acha imalizike, zimebaki dakika kumi. Nilipofika nyumbani nilimkuta Azza, aliyekuja kumuuguza, amekaa kitandani, amemshika mama yake mkono, na mkono ulikuwa umeshapoa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Nani kashinda?" Halafu akageuka upande wa pili.

Tangu siku hiyo niliweka nadhiri kwa Mola wangu kwamba mpira hautanichelewesha tena. Ikiadhiniwa Magharibi mimi nimo njiani kwenda msikitini, na takbira ya kwanza inanikuta kwenye safu. Sikumwambia mtu. Jambo la mja na Mola wake halitangazwi.

Mwaka huo, 1997, nilikuwa na miaka hamsini na saba, mtunza stoo katika chuo kidogo cha ufundi. Chuo kilikuwa na timu ya mpira, vijana kumi na nne kutoka Al Qabil, Al Kamil na vijiji vya jirani, na uwanja wa changarawe uliowachuna magoti wote. Upande mmoja wa uwanja ilipita barabara ya Sur. Upande wa pili kulikuwa na wadi, yaani bonde la mto mkavu, na ng'ambo ya wadi msikiti. Kocha alikuwa Mwalimu Adham, Msudani, ambaye kwa kazi alifundisha kuchomelea vyuma.

Mechi zilichezwa Alhamisi baada ya Alasiri, na wapenzi wa mpira hawakuwepo. Nasema hivyo bila ya kutia chumvi. Mimi nimekulia Unguja, nimeona watu walivyojaa Mnazi Mmoja mpaka mpira ukitoka nje hauanguki chini, na hapa nilisimama kwenye uzio wa waya peke yangu. Rafiq, Mbangali aliyeuza chai kando ya barabara, alikuwa akitazama pia, lakini wateja wakija huwapa uwanja mgongo.

Gazeti moja la Maskati lilikuwa na safu ndogo ya michezo ya vyuo kila Jumamosi. Chuo kisichopeleka matokeo kwa faksi hakikuandikwa. Mwalimu Adham hakuwa na nafasi, akaniambia, "Bwana Soud, wewe si unasoma jioni? Andika wewe."

Kweli nilikuwa nasoma. Nilijiunga na darasa la watu wazima baada ya kifo cha Ghaniya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinisomea gazeti. Kurani naisoma tangu utotoni kwa irabu zake, lakini gazeti la Kiarabu halina irabu, na mimi bila ya irabu nilikuwa kama mtu aliyevuliwa miwani. Tulikuwa wanaume tisa kwenye madeski ya watoto, magoti yanagusa ubao wa juu, na Ustadh Majid, aliyetufundisha, alikuwa mdogo kuliko kaka yake Azza angekuwa kama angeishi.

Ripoti yangu ya kwanza niliiandika siku mbili. Mimi nililelewa kwamba barua haianzi na haja ya mtu. Huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha salamu, kisha unauliza afya ya msomaji na watu wa nyumbani kwake, kisha unatoa hali yako, na habari yenyewe huja mwisho, kama bwana harusi. Nikajaza kurasa mbili. Mwenye duka la faksi alipeleka ukurasa wa kwanza, mashine ikakwama.

Jumamosi asubuhi nikaitwa kwenye simu ya chuo. Alikuwa Alaa, kijana wa meza ya michezo kule gazetini.

"Ya Haji Soud, nashukuru sana. Mimi mzima. Watoto wazima. Mama yangu alikuwa na mafua, sasa hajambo. Nani kashinda?"

"Tumefungwa tatu kwa moja."

"Alhamdulillahi, sasa tumejua. Wiki ijayo, tafadhali, anza na hapo."

Nilijifunza. Jina la Mwenyezi Mungu nililibakisha juu kabisa, kwa herufi ndogo, na Alaa hakuwa akilipiga chapa, lakini mimi sikuweza kuliacha. Baadaye matokeo, waliofunga, na mechi ijayo. Na kwa kuwa Magharibi huadhiniwa mchezo ukiwa umebaki dakika saba au nane, nilikuwa nikisali kisha narudi kumuuliza Rafiq.

"Vipi?"

Rafiq hunionyesha kwa vidole. Mkono wa kulia sisi, mkono wa kushoto wao. Nami naenda kwenye duka la faksi kabla halijafungwa kwa Isha.

Ripoti ya kwanza ilipotoka, Azza alinipigia. Alikuwa hajanipigia kwa miezi mitatu. Alisema, "Baba, nimeliona jina lako gazetini." Sauti yake ilikuwa ya Azza wa zamani, aliyekuwa akinikimbilia mlangoni. Ndiyo maana sikukosa hata wiki moja. Vijana walidhani naipenda timu. Niliipenda, lakini niliipenda kama mtu anavyoupenda mlango ambao mwanawe hupitia.

Mwezi wa Februari tulikuwa tucheze na chuo kimoja cha Sur. Wiki iliyotangulia niliongeza mistari miwili: "Alhamisi ijayo ni Sur. Uwanja uko kando ya barabara, hakuna kiingilio, na vijana hawa ni watoto wenu." Alaa aliyapitisha maneno yote. Azza alipoyasoma kwenye simu alicheka kidogo. "Umewaita hasa, baba. Tutaona kama watakuja."

Hawakuja. Kipindi cha kwanza kilimalizika kwa sare, moja kwa moja, na kwenye uzio nilikuwa mimi na mbuzi wawili. Ikakaribia Magharibi. Adhana iliponyanyuka niligeuka nikashuka wadi, na nilipofika katikati ya mawe nilisikia magari. Nikatazama nyuma. Basi moja na pikapu nne zilikuwa zimesimama kando ya barabara, na watu wanashuka, wanaume wa makamo na vijana, wanakimbilia uzio huku wameshika kanzu zao.

Wamekuja, nikasema moyoni. Wamesoma.

Niliwahi takbira. Tulipokuwa kwenye sijida ya mwisho nilisikia kelele kutoka ng'ambo ya wadi, kelele kubwa ya watu wengi kwa pamoja, ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wangu. Goli. Machozi yalinitoka kwenye mkeka, Mungu anisamehe, na hayakuwa ya sala. Nilipotoa salamu nilisujudu tena sijida ya shukrani.

Sikurudi uwanjani. Sikumuuliza Rafiq. Sikuona la kuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la faksi nikaandika: mbili kwa moja, tumeshinda, goli la dakika za mwisho, na wapenzi wengi wa Ibra waliohudhuria waliwashangilia vijana wao.

Ijumaa chuo kimefungwa. Jumamosi asubuhi nilipofungua stoo, Yazan, kipa wetu, kijana mrefu wa Al Kamil, alikuwa ananingoja na gazeti mkononi. Nyuma yake wenzake wanne wameziba midomo.

"Mzee, Mungu akuweke. Umetushindia mechi."

"Mmeshinda wenyewe."

"Sisi? Sisi tumefungwa. Mpira umepita hapa." Alinionyesha baina ya miguu yake. "Lakini gazeti limesema tumeshinda, na gazeti linasomwa nchi nzima. Nimempigia simu baba yangu, ameshachinja mbuzi."

"Na wale watu?"

Yazan akaacha kucheka.

"Watu wa Sur, mzee. Walikuwa wanatoka harusini Nizwa. Wameona jezi ya watoto wao, wakasimama."

Nilikaa juu ya gunia la saruji. Wakaondoka mmoja mmoja. Saa nne Mwalimu Adham alikuja na uso umekunjana, akisema kwamba mkuu wa chuo amepigiwa simu kutoka Sur. Saa tano akapiga Alaa. Hakufanya mzaha siku hiyo.

"Haji, ulikuwepo au hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Mwisho sikuuona."

"Wiki ijayo lazima tusahihishe. Na nikuambie kweli, ikitokea tena safu ya Ibra nitaiondoa."

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya simu. Ilipolia sikuipokea mara moja.

"Baba! Mbili kwa moja!" Alikuwa akisema mbiombio. "Na watu wamejaa! Nimemsomea mume wangu, nimemsomea Yaqeen. Yaqeen anasema anataka kumuona babu na mashabiki wake. Nimesema kama watu wanakuja, basi na sisi tutakuja Alhamisi, tutakaa ndani ya gari, tutazame. Eh, baba? Wasikia?"

Tangu tulipomzika Ghaniya, Azza alikuwa hajakanyaga Ibra. Neno nililolingoja miaka miwili lilikuwa limeshatoka kinywani mwake, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza mpaka Alhamisi. Akishafika, ameshafika. Nililifikiria hilo. Nalisema hapa kwa sababu nilifikiria kweli, na kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu anayesali.

"Tumefungwa, Azza."

"Vipi?"

"Tumefungwa. Na watu walikuwa wa Sur, wapita njia. Wetu hakuja hata mmoja."

"Lakini imeandikwa."

"Nimeandika mimi. Nimekosea."

"Kwani hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Mwisho sikuuona."

Akacheka, lakini si kile kicheko cha awali. "Weye, baba? Weye usione mwisho wa mpira?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, lakini ningekuwa naitoa nadhiri yangu kuinunulia msamaha. Alisema Yaqeen analia, akakata. Dakika mbili tu.

Wiki hiyo niliandika masahihisho. Alaa alitaka mstari mmoja, nikamwomba niandike mwenyewe. Niliipeleka karatasi darasani, Ustadh Majid akaisoma amesimama kando ya deski langu.

"Herufi zimekaa vizuri, mzee. Lakini haya ya mwisho futa. Gazeti haliyahitaji."

"Ni kweli au si kweli?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Ni kweli."

"Basi yaache," akasema, akaenda kwa mwanafunzi mwengine.

Gazeti liliyatoa kama yalivyo, pengine Alaa aliyaona mageni: "Matokeo ya Ibra ya wiki iliyopita hayakuwa sahihi. Sur walishinda mbili kwa moja. Wapenzi wengi waliotajwa walikuwa wa Sur. Mpenzi wa Ibra alikuwa mmoja, naye, kama afanyavyo kila wiki, aliondoka kwa adhana ya Magharibi kabla ya mchezo kumalizika. Ndiye aliyeandika. Anaomba radhi."

Jumamosi hiyo simu haikulia kabla ya Alasiri. Nilisali nikarudi, nikakaa. Nilitandika kitanda kilichokuwa kimeshatandikwa. Saa ya darasa ilipofika nilichukua daftari, na mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la mlango ilipolia.

Hakusema shikamoo.

"Baba, huyu mmoja ni weye."

"Ndimi."

"Kila wiki waondoka?"

"Kila wiki."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yako."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kwa mbali, nyumbani kwake, mtoto alikuwa akigonga kitu kwa kijiko.

"Sikujua," alisema. "Nilikuwa nikisoma yale matokeo, kila wiki nasema, haya, kakaa tena mpaka mwisho. Nakusomea huku nina hasira, baba. Nakusifu na nina hasira."

"Hukuwa na njia ya kujua. Sikukwambia."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia vipi, mwanangu?"

Kule kwake kijiko kiliacha kugonga. Mwisho akasema, "Alhamisi mnacheza na nani?"

"Nizwa. Baada ya Alasiri."

"Nitajaribu kuja. Nitajaribu, baba, sisemi nitakuja."

Alhamisi niliweka kiti kwenye uzio, cha Yaqeen, asije akasimama kwenye changarawe. Nilinunua halua. Rafiq aliniuliza mgeni ni nani, nikamwambia mwanangu, akapangusa vikombe viwili vizuri akaviweka pembeni. Sikuutazama mpira siku hiyo. Nilitazama barabara. Kila gari jeupe lililopunguza mwendo nililihesabu kuwa lake mpaka likapita. Yazan aliniita kutoka golini, "Mzee, mpira uko huku!" na wenzake wakacheka, nami nikampungia mkono.

Ikaadhiniwa. Niliitazama barabara mara moja zaidi, upande wa Maskati. Kisha nikashuka wadi.

Kwenye sijida hakukuwa na kelele yoyote. Nilimwomba Mola wangu ulinzi kwa aliye njiani, kama yuko njiani, na kwa aliye nyumbani, kama yuko nyumbani. Nilimaliza na sunna, nikavuka mawe polepole.

Rafiq alikuwa akikusanya vikombe. Viwili bado viko pembeni, vikavu.

"Sifuri kwa sifuri, baba," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Gari haijasimama."

Sikuwa nimemuuliza habari ya gari.

Yazan alikuja mbio, vumbi mpaka kwenye kope. "Mzee, andika nimeokoa penalti!"

"Umeokoa?"

"Wallahi."

"Nani kaona?"

"Wote wameona! Kwani wewe polisi?"

Niliuliza watu watatu, mmoja wao wa Nizwa, aliyekiri kwa shida. Ndipo nikatoa kalamu. Niliandika juu ya kile kiti, na halua nikawapa vijana, wakaimaliza kwa vidole vya vumbi.

Njia ya duka la faksi hupita nyumbani kwangu. Niliingia. Ukutani, juu ya simu, kilikuwa kikaratasi chenye nambari ya Azza kwa mkono wa Ghaniya. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Tangu afariki, mimi nilikuwa nangojea tu nipigiwe, na leo nilipounyanyua mkono wa simu ndipo nilipoona kwamba miaka miwili sijawahi kuzifuata namba zile kwa kidole changu.

Alipokea upesi.

"Baba! Nilikuwa nakuja, wallahi nilikuwa nimeshamvisha Yaqeen viatu, homa ikampanda. Nimekaa naye hapa, nimemshika mkono. Baba, nisamehe..."

"Usimwache. Kaa hapo hapo. Nitakusomea, wewe sikiliza."

"Unisomee?"

"Leo mimi."

Niliisogeza karatasi kwenye taa. Nilisoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili. Kwenye jina la yule mshambuliaji wa Nizwa nilikwama, mwandiko wangu mwenyewe ukawa mgeni, na Azza hakunisaidia, alingoja. Nikalipata. Yazan, penalti, dakika ya themanini na nne. Sifuri kwa sifuri.

"'Mtazamaji wa Ibra alikuwa mmoja,'" nilisoma. "'Aliondoka kwa adhana, akarudi kuuliza. Mechi ijayo ni Alhamisi, baada ya Alasiri.'"

Upande wa pili kulikuwa na pumzi za mtoto aliyelala, na za mama yake.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Soma tena, baba."

Isha ilikuwa karibu, na duka la faksi nalo lilikuwa karibu kufungwa. Nilianza tena kutoka juu kabisa, pale kwenye herufi ndogo, penye jina la Mwenyezi Mungu.